Keki ya Mwalimu wa Mwandiko

Kidole kilianza kujikunja Jumamosi moja asubuhi, nikiandika "Hongera" kwenye keki ya sendofu, ile sherehe ya kumuaga bibi harusi. Nilikuwa nimefika kwenye herufi g. Kidole cha shahada cha mkono wa kulia kikajikunja chenyewe kuelekea kiganjani, krimu ikatoka donge badala ya mkia wa herufi. Nikaikwangua kwa kisu, nikalaumu baridi. Lushoto mwezi wa saba krimu ya siagi hugandia ndani ya mfuko wa kupambia usipoipasha kwa viganja, na sisi wapambaji wa keki tukiharibu kitu huwa tunailaumu hiyo baridi. Nikaandika tena. Kidole kikajikunja tena, palepale.

Nilikuwa na miaka kumi na sita kwenye kazi ile. Duka letu la mikate liko karibu na soko. Mwenyewe ni mama mmoja wa Tanga mjini, aliyekuja huku milimani na mumewe, mume akafariki, yeye akabaki na tanuri na mikate. Aliniajiri nikande unga. Siku moja mpambaji wake alikuwa kajifungua, na mteja amesimama kaunta anataka jina la mtoto liandikwe kwenye keki ya komunyo ya kwanza. Mama akauliza nani ana mwandiko mzuri. Nikasema mimi. Sikuwahi kushika mfuko wa krimu maishani, lakini herufi nilikuwa nazijua. Nikaliandika lile jina mara moja, pumzi nimeibana, na mama alipoliona alivua aproni yake akanivisha mimi.

Herufi nilizipata kijijini kwetu Gare, kwa mwalimu wetu wa darasa la tatu. Alikuwa mtu mrefu, mwembamba, shati lake jeupe limejaa vumbi la chaki kwenye mkono mmoja tu. Kipindi cha mwandiko alikuwa anapita katikati ya madawati, hachapi mtu, anainama tu na kutazama daftari lako mpaka wewe mwenyewe unaona ulipokosea. "Herufi ina mwili," alikuwa anatuambia. "Ina kichwa, ina tumbo, ina miguu. Usiikate miguu, itakwendaje?" Tulicheka, lakini tuliandika. Mimi alinipa kazi ya kuandika tarehe ubaoni kila asubuhi, na majina ya wenzangu kwenye majalada ya madaftari yao. Nilikuwa mtoto wa mama asiye na mume, viatu sina, na darasa zima lilibeba mwandiko wangu kwenda nao nyumbani. Sekondari sikufika. Hicho ndicho nilichotoka nacho shuleni.

Basi kile kidole niliendelea kukificha. Wateja walikuja na majina yao na mimi nikawa nayapima kwa urefu kabla hata sijawaitikia salamu. Jina la herufi nne lilikuwa nafuu, jina la herufi kumi lilinitia jasho. Nilianza kuwashawishi watu. "Siku hizi hawaandiki sana, mama yangu, wanaweka maua." Nilikata herufi kwa kisu kwenye karatasi ngumu, nikawa napulizia rangi juu yake. Nilijaribu mkono wa kushoto nikiwa peke yangu, kwenye sinia lililogeuzwa, na mkono wa kushoto uliandika kama kuku amepita. Jambo lililonichanganya ni kwamba mkono wa kulia ulifanya kila kitu kingine. Ulimenya viazi, ulifua, ulisuka nywele. Jumapili nilikwenda Gare kwa mama yangu mzazi, nikalima naye maharage mpaka saa sita, na jembe halikuniponyoka hata mara moja. Nilipomwambia mkono wangu unaumwa, aliutazama, akautazama mstari niliolima.

"Mkono unaolima hivi unaumwa nini?" akasema. Hakuwa na ubaya. Aliuliza kwa sababu hata yeye hakuelewa.

Ndipo ikaja ile oda. Wanafunzi wa zamani wa shule yetu walikuwa wanamfanyia mwalimu sherehe ya kutimiza miaka themanini, na aliyekuja dukani alikuwa mwenzangu wa darasa moja, sasa ni ofisa wa halmashauri, na tumbo limemtangulia kidogo. Alitaka keki iwe daftari lililofunguliwa, lenye mistari ya bluu na ule mstari mwekundu wa pembeni, na juu yake yaandikwe kwa mwandiko wa kuunganisha, kama ubaoni: "Asante Mwalimu, ulitufundisha kuandika."

"Nimekuja kwako maana hakuna mwingine," akaniambia. "Hii hata wewe ungeifanya bure."

Mama mwenye duka alikuwa amesimama nyuma yangu. "Hii yako kabisa," akasema, na akaandika oda kitabuni.

Hapo ndipo nilipaswa kusema. Nimeurudia ule mchana kichwani mara nyingi. Kaunta ilikuwa tupu, mwenzangu alikuwa hana haraka, na sentensi yenyewe ilikuwa fupi tu: mkono wangu hauandiki tena. Badala yake nilimuuliza anataka keki ya vanila au ya ndimu.

Siku ya sherehe niliingia kazini kabla ya wenzangu. Daftari lilikuwa zuri, nalisema bila kujisifu. Kurasa niliziinua kidogo pembeni zionekane zimeshikwa na watoto, mistari niliivuta kwa uzi uliochovywa rangi. Kisha nikajaza mfuko, nikachagua kidomo cha kutolea krimu, chembamba kuliko vyote, nikasimama. Herufi A ilitoka. Ile s ya kwanza, kidole kikaondoka. Nikakwangua, nikalainisha, nikaanza upya. Safari hii kidole gumba nacho kikafuata, mkono mzima ukajifunga kama ngumi, krimu ikafurika juu ya "Mwalimu". Nikakwangua tena. Mara ya tatu nikaushika mkono wa kulia kwa mkono wa kushoto, nikausukuma herufi baada ya herufi kama mtu anayesukuma gari bovu, mpaka nikafika kwenye nukta. Gari la kutupeleka Gare lilikuwa limeshapiga honi mara mbili.

Mama akaja kutazama. Herufi zilikuwa zimelala huku na huku, nyingine kubwa, nyingine zimejikunyata, na neno "kuandika" lilikuwa limeteremka chini ya mstari. Alinitazama mimi, si keki.

"Tangu lini?" akaniuliza.

"Tangu kipupwe."

Akafumba macho kidogo. "Funika," akasema. "Watu wanasubiri."

Sherehe ilifanyika uwanjani, chini ya maturubai. Mimi nilikuwa mwalikwa pia, nimevaa gauni langu la kanisani, nimekaa mstari wa tatu. Mwalimu alikuwa amezeeka sana. Alikuja ameshikwa mkono na mwanawe wa kiume, amevaa koti lililomzidi. Tulisimama wote tukasema, "Shikamoo mwalimu," kwa ile sauti ya darasani ya kuvuta, na watu wakacheka mpaka wengine wakatoa machozi. Walipomleta mbele ya keki, alitoa miwani mfukoni, akaipangusa kwa tai, akainama. Aliinama vilevile kama zamani.

Akasoma kwa sauti maneno yote. Kisha akatikisa kichwa akitabasamu. "Aliyeandika hapa angekaa na mimi wiki moja tu," akasema. "Herufi zake zote zimekatwa miguu."

Uwanja mzima ukacheka. Ilikuwa ni furaha, hakuna aliyekusudia kuumiza. Lakini yule mwenzangu ofisa alikuwa amekasirikia keki yake, akageuka kunitafuta, akasema mbele ya watu, "Mwalimu, si huyu hapa? Si ndiye mpambaji wa pale mjini?"

Mwalimu akainua uso, akanitafuta mpaka akaniona. Alinikumbuka. Alinitaja kwa jina langu la shuleni.

"Wewe ndiye uliyeandika, mwanangu?"

"Hapana, mwalimu," nikasema. "Kaandika mwingine. Mimi sikuwepo."

"Nilijua," akasema, na akawageukia watu akiwa na furaha ya kweli. "Mkono wa huyu ningeujua popote."

Wakapiga makofi. Walinipigia mimi. Nilikaa pale na sahani ya pilau magotini, na kila aliyepita aliniambia, "Pole, wamekuharibia jina." Nikawa naitikia asante.

Wiki iliyofuata mama mwenye duka alinipeleka Tanga mwenyewe. Tuliteremka mpaka Mombo, kule chini joto linakupiga usoni unapofungua mlango wa gari, na mimi nilikuwa na tumaini bado. Nilifikiri ni mshipa, nitapewa dawa ya kuchua. Hospitalini daktari, binti mdogo kuliko mimi, alinipa kalamu akaniambia niandike jina langu. Akatazama vidole vikijikunja. Akaniambia nichukue kikombe; nikakichukua vizuri. Akaniambia nifunge kifungo, nikakifunga. Kisha kalamu tena.

"Mkono wako hauna ugonjwa," akasema. "Ni ubongo unaoupa mkono amri isiyo sahihi, na ni kwa kazi hii moja tu. Huwatokea watu waliofanya jambo moja dogo, kwa uangalifu mkubwa, kwa miaka mingi."

"Kwa hiyo nimejiumiza kwa kuandika vizuri?"

"Unaweza kusema hivyo," akasema, "lakini si kosa lako." Akaniambia kuna sindano zinazolegeza misuli, hazipo pale, labda Dar es Salaam, na zikipatikana husaidia kwa miezi michache kisha unarudia. Wengine hufanya mazoezi, wakapata nafuu kidogo. Kupona kabisa, hakuniahidi. Mama aliuliza maswali mengi kwa niaba yangu.

Niliporudi, kila mtu alikuwa na maelezo yake. Jirani yangu wa chumba cha pili alisema nimefanyiwa, akanitajia mganga. Wateja wengine walisikia kuwa nimechoka kazi. Mama alimwita mkwe wake kutoka Tanga, mwanamke mpole aliyesomea upambaji chuoni, naye akachukua meza yangu. Mimi nikarudishwa kwenye mikate. Mama aliniambia kwa upole mwingi, kiasi kwamba ingekuwa nafuu angenifokea.

Niliamua kwenda Gare kumwambia mwalimu ukweli. Kila Jumapili nilifika kwa mama yangu, nikalima, nikatazama paa la nyumba ya mwalimu ng'ambo ya bonde, moshi unatoka, maana yake yupo. Nikasema Jumapili ijayo. Mvua za masika zikaanza, njia ikawa tope, nikapata sababu. Nikasema zikipungua. Kabla hazijapungua nilipigiwa simu na yule ofisa, saa nne asubuhi nikiwa natoa mikate tanurini, kwamba mwalimu amefariki.

Asubuhi iliyofuata nilifika Gare nikakuta msiba umejaa. Niliwaamkia wazee, nikaingia jikoni kwa kina mama, nikashika kisu nikakata kabeji, na mkono ulikata kabeji vizuri kabisa. Mchana mtoto wa mwalimu, yule aliyemshika mkono siku ya sherehe, akaja mlangoni akaniita nje. Alikuwa na kopo la rangi nyeusi na brashi ndogo. Msalaba wa mbao ulikuwa umeegemezwa ukutani, umeshapigwa randa.

"Dada, tunaomba utuandikie," akasema. "Jina na tarehe. Baba alikuwa anakutaja mpaka wiki ya mwisho. Alikuwa anasema kuna mmoja tu aliyemwelewa."

Nilimwambia siwezi. Akadhani ni majonzi, akasema atangoja. Nikamwambia siwezi kabisa, mkono wangu unaumwa. Akatazama mkono wangu, bado una vipande vya kabeji. Watu wawili watatu walikuwa wamesogea.

"Unaumwa," akasema taratibu, "na tangu asubuhi unakata."

Ningeweza kueleza. Ningeweza kuishika ile brashi wakaona wenyewe. Lakini ningeandika nini, na kwa herufi zipi, juu ya kaburi la yule mtu? Na wangekumbuka keki. Nikaupangusa mkono kwenye kanga. Mwanamke mmoja nyuma yangu akasema kwa Kishambaa, bila hata kushusha sauti, kwamba mjini kumenitia kiburi. Mtoto wa mwalimu akainama, akachukua kopo lake, akaenda kumwita fundi seremala. Seremala aliandika kwa herufi kubwa za kuachana, kama zile za kwenye magunia ya mbolea. Nilirusha udongo kama wengine na sikungoja chai.

Mama yangu alinisindikiza mpaka barabarani. Tulipofika kwenye daraja akaniuliza.

"Kwa nini hukumwandikia?"

"Siwezi, mama. Nilikuambia."

"Uliniambia," akasema. Akanishika ule mkono, akaufungua vidole kimoja kimoja, akavitazama kama anayetafuta mwiba. Hakuuona. Akaurudisha taratibu, akageuka kupanda nyumbani maana mvua ilikuwa inakuja.

Sasa ninauza mikate. Yule mkwe wa mama ananiita wakati mwingine nimsomee tahajia ya majina ya Kishambaa, nami namtajia herufi moja moja nikiwa nimeipa keki mgongo. Anaandika vizuri. Wateja wapya hawajui kama meza ile niliwahi kuikalia mimi. Nyumbani kwangu nimeacha hata kuandika orodha ya sokoni. Ninaikariri njiani, na nikifika sokoni huwa nimesahau kitu.