Uzito Nilioipa Nyumba ya Mama

Mkuu wangu aliponiuliza kama naweza kutafuta mahali pa dampo jipya la mji wa Machakos, nilipaswa kumwambia, "Mpe mwingine, ndugu yangu ana shamba upande huo." Nilisema, "Naweza." Nilishajua ninamtafutia nani.

Tulizaliwa wawili tu. Baba alipokufa, mdogo wangu alihamisha mkonge wa mpaka akala kipande changu. Nilipolalamika mbele ya wazee wa ukoo, alicheka. "Wewe si unachora mashamba ya watu huko ofisini? Basi jichoree lako." Wazee nao wakacheka. Nilikaa na kicheko hicho miaka.

Ofisi ilikuwa imeletewa kompyuta mbili na mwalimu, binti mdogo kuliko kifungua mimba wangu. Mimi nilikuwa na cheti cha sekondari, nimezoea kulaza karatasi angavu juu ya ramani na kuchora kwa wino. Alitufundisha kufanya hivyo kwa mashine: ramani ya udongo, ya mito, ya barabara, ya nyumba, zote zinalaliana. Kila moja unaipa uzito, mashine inajumlisha, na mahali panapofaa panageuka pekundu.

"Mzee," aliniambia, "uzito unaandikwa kabla ya kuona jibu. Ukiona kwanza, utaanza kulitafuta unalolitaka."

Niliitikia kwa kichwa.

Mara ya kwanza rangi nyekundu iliangukia kilima kitupu kando ya machimbo ya mawe. Nikapunguza uzito wa nyumba, nikaongeza wa barabara. Rangi ikasogea. Nikapunguza tena. Mara ya sita ikafunika shamba la ndugu yangu, pamoja na ule mkonge. Nilifurahi, sitadanganya. Hakuna aliyeuliza, siku hizo ramani iliyotoka kwa kompyuta haikubishiwa. Shamba lilipochukuliwa, nilimtuma jirani akamwambie ndugu yangu kwamba nimejichorea.

Kwetu mama hukaa na kitinda mimba. Nilijua nyumba yake iko pale, nikajiambia atahamia kwangu, kwenye nyumba ya mawe yenye maji ya mfereji. Siku ndugu yangu alipopakia vitu kwenda Masinga, nilimwendea mama.

"Mwaitu, twende kwangu."

"Kwenye hiyo ramani yako, nyumba yangu uliiona?"

"Niliiona."

"Basi wacha niende na aliyenijengea."

Ndugu yangu alikuwa amesimama pale na kitanda begani. Hakunitazama.

Nikikumbuka ule mkonge, hata leo damu inachemka. Alinidhulumu, na hilo sijalifuta. Lakini mama alifia Masinga, na ndugu yangu hakuniita. Nilipata habari sokoni, wiki mbili baada ya mazishi. Sikumzika mama yangu, na ndugu wa pekee niliyekuwa naye hajanisemesha tena.