Chupa ya Achari na Ishara ya Tatu

Aibu hii ni yangu peke yangu. Kiwandani kwetu Mahajanga, mashine ya kukata mifuko ilisimama. Kihisi cha mzunguko kilitoa ishara mbili vizuri. Ya tatu, inayowasha taa mara moja kila mzunguko ukikamilika, haikuonekana. Siku mbili nilizungusha mpini wa mashine kwa mkono. Wapi! Nikaapa kihisi kimekufa, kingine kikaagizwa.

Mkuu wangu, Bi Zaina, akaja kutazama. Nikazungusha mpini hadi karibu na chupa ya achari iliyokaa juu ya mashine, zawadi ya mama mkwe kutoka Nosy Be, ambayo nisingethubutu kuiweka sakafuni. Kisha nikaurudisha nyuma, kama kawaida yangu, nisiiangushe.

Bi Zaina akaiondoa chupa. “Sasa maliza mzunguko, fundi.”

Taa ikawaka, na kiwanda kizima kikaitazama achari yangu.