Fundi Sikio na Spika ya Kati

Hakuna aliyekumbuka nani alimbandika jina la Sikio, lakini kila aliyetaka spika za kutengenezwa kwa mkono aliambiwa amtafute yeye. Akimtafuta, alimkuta kwenye kibanda nyuma ya nyumba yake, vumbi la mbao limemkaa hadi kwenye nyusi. Masanduku aliyapiga mwenyewe kwa mbao nene, akayaziba kwa gundi na kuyajaza sufi ndani. Hiyo, alisema, hata fundi wa vitanda anaiweza. Ufundi wenyewe ulikuwa kuioanisha spika kubwa ya besi na ile ndogo ya kati, zisikike kama koo moja.

"Ni watu wawili wanapokezana mtungi," aliwaambia wateja. "Huyu akiachia kabla mwenzake hajashika, umevunjika. Wakiung'ang'ania wote, maji yanamwagika."

Basi alichagua koili na kapasita za kugawa sauti, hii ishuke kwenye besi na hii ibaki kwenye kati, kisha akafungulia taarifa ya habari na kusimama mbele ya sanduku macho kafumba. Sauti ya msomaji wa kiume ndiyo ilikuwa mizani yake, kwa kuwa hutoka huku kidogo na kule kidogo. Ikimjia nzima, kama mtu aliyekaa kwenye kiti kile pale, alikaza skrubu, kazi ikawa imekwisha. Miaka nenda, miaka rudi, hakurudishiwa sanduku.

Wa kwanza kurudisha alikuwa mwenye ukumbi wa mikutano. Alikuja na masanduku mawili juu ya mkokoteni na uso uliokunjamana.

"Fundi, sauti inachoma. Mtu akihutubia utadhani anagonga debe. Waliokaa viti vya mbele wamehamia nyuma."

"Hiyo amplifaya yako."

"Amplifaya ni ile ile ya siku zote."

Sikio aliyafungulia kibandani, akasikiliza. Kwa kweli aliona kuna kasoro, ila si hiyo aliyoambiwa: spika ya kati ilikuwa imepoa. Akabadilisha resista iliyokuwa ikiizuia, akaipa nguvu zaidi. Masanduku yakaenda, yakarudi upesi kuliko mara ya kwanza.

"Nilikuletea moto uzime," mwenye ukumbi alisema, "wewe umeumwagia mafuta."

Sikio akalaumu vifaa. Kapasita za siku hizi, alisema, zinatengenezwa na watu wasiopenda muziki. Akanunua nyingine, akafungua, akafunga, akafungua tena. Kila alipoona sauti imekaa sawa, mteja alishika masikio.

Mkewe alikuwa fundi cherehani, akishonea chumba cha mbele. Asubuhi moja Sikio aliingia kuazima mkasi. Akamwita, kimya. Akamwita tena. Mwenzake alikuwa ameinamia suruali, mguu unakanyaga cherehani, hana habari ya dunia. Alipomsogelea ndipo akaona vipande vya pamba vikichungulia masikioni mwake.

"Nini hicho?"

Mkewe alichomoa kimoja bila haraka. "Pamba."

"Naona ni pamba. Ya nini?"

"Ya spika zako, baba watoto. Zinanipigia kelele hadi kwenye meno."

"Tangu lini?"

"Mwaka juzi, nadhani. Zamani zilikuwa tamu."

"Na wewe ukanyamaza!"

"Nani angemwambia Sikio kuwa hasikii?"

Sikio alichukua mkasi, akatoka. Kwa siku kadhaa walisalimiana kama wapangaji wanaokutana koridoni. Mwishowe, pasipo kuaga, alikwenda hospitali, kwenye chumba cha kupima masikio. Walimvalisha vifaa vya kusikilizia, wakamwambia ainue mkono kila akisikia mlio. Ilifika mahali akamwona binti mpimaji anabonyeza kitufe, anabonyeza tena, na yeye mkono uko pajani.

"Sauti nzito unazisikia vizuri, baba," binti alisema. "Hizi nyembamba za juu ndizo zimepungua, na zimepungua sana. Umewahi kufanya kazi penye kelele?"

Ujana wake wote aliumalizia kwenye mashine ya kusaga nafaka. Hakuwahi kuiita kelele. Aliiita kazi.

Kabla hajafika nyumbani alikwishaelewa. Masikio yalipopoteza kidogo zile sauti nyembamba, alikuwa akiiongeza kidogo spika ya kati inayozitoa, na kwake mizani ilibaki sawa. Kwa wenye masikio mazima haikuwa sawa hata kidogo.

Mkewe alikuwa anakunja nguo za wateja. Sikio alisimama mlangoni.

"Nimetoka kupimwa," alisema. "Ulisema kweli."

"Pole," mkewe akasema, akaendelea kukunja. Kisha akaliweka shati chini. "Pole, baba watoto."

"Njoo kibandani."

"Mimi najua sindano tu."

"Na mimi najua waya. Tunachokosa ni masikio, na wewe unayo."

Mwanzoni hawakuelewana kabisa. Sikio aliuliza kama kati imezidi. Mkewe alijibu kwamba inamkera hapa, akagusa taya. Alipoipunguza mno, mkewe akasema msomaji wa habari amejifunika blanketi. Fundi akajifunza lugha hiyo kama mtu anayehamia nchi ya watu. Taya likiuma, aongeze resista. Blanketi likija, ameipunguza kupita kiasi. Na siku mkewe aliposema, "Mtu mmoja, lakini anasemea vyumba viwili," Sikio aligeuza waya za spika ya kati, chanya kwa hasi, yule mtu akahamia chumba kimoja.

"Hapo!" mkewe akasema. "Usiguse tena."

Sikio alisikiliza. Kwake msomaji alikuwa anaongea ndani ya pipa.

"Kwangu mimi zimekufa."

"Basi zimekufa vizuri. Funga sanduku."

Alifunga, ingawa mkono ulisita kwenye kila skrubu. Mwenye ukumbi alizijaribu mbele ya hadhara, na hakuna aliyehama kiti. Tangu hapo wateja wakaja na swali jipya: je, mama amezisikiliza? Sikio alijibu kuwa amezisikiliza, na hakuongeza neno.

Baadaye alijitengenezea jozi yake mwenyewe, spika ya kati ameiachia nguvu yote. Mkewe akiona anaelekea kuziwasha, alikumbuka kuwa kuna vifungo vya kununua sokoni. Siku moja tu alibaki. Alikaa kwenye kigoda, mikono mapajani, akausikiliza wimbo mzima huku uso ameukaza.

"Mpaka ziwe hivi ndipo wewe unasikia sawa?"

"Mpaka hivi."

Alitikisa kichwa taratibu, akasimama. "Ni mbali, kutoka masikio yangu hadi yako," alisema, akarudi kwenye cherehani yake.