Kurasa Sita za Mashine Nisiyoijua

Niliandika maelekezo ya mashine ya kukwangua muhogo kabla sijaiona. Kurasa sita, kwa mwandiko wangu wa kidato cha nne, nimekaa zangu barazani hapa Kasulu, nanakili kijitabu cha kiwandani na kuongeza maneno makubwa.

Mashine ilikuwa ya kikundi cha kina mama wa mtaani kwetu, kwa majaribio ya mwezi mmoja. Wakaguzi wa mradi wakiona wameshindwa kuitumia, inapelekwa kwa kikundi cha kijiji cha Makere. Mimi walinichagua kwa sifa mbili: nimesoma, na saa zote nipo nyumbani.

Siku ya kwanza tu mashine ikakwama. Mstari wangu wa nne ulisema, "Weka muhogo." Nao wakaweka muhogo kama sisi Waha tulivyouzoea, uliolowekwa siku tatu mpaka ukalainika. Kumbe mashine inataka mbichi. Ndani kulijaa uji mtupu.

"Msomi, muhogo uliouandika ni upi?" aliuliza jirani yangu, mwenyekiti wa kikundi. "Wa kwenye ndoto?"

Aibu ilinipata, ila udadisi ulinipata zaidi. Ni mangapi mengine nimeyaruka nikidhani kila mtu anayajua? Kesho yake nikatoka nyumbani, jambo ambalo mtaa mzima ulilishangaa, nikakaa juu ya ndoo nikitazama mikono yao: anayemenya, anayeosha, anayewasha. Nikauliza nani atasoma karatasi. Wawili tu, wengine watasomewa kwa Kiha. Kurasa sita zikawa ukurasa mmoja, kila mstari kazi moja.

Kisha jaribio. Wifi yake jirani alikuwa amekuja kutoka Kibondo, hajawahi kuigusa mashine ile. Afuate karatasi, mimi nisiseme kitu. Mdomo uliniwasha!

"Ukifungua mdomo tunaanza upya," jirani alinionya.

Wifi akawasha vizuri, akamimina muhogo, halafu akapeleka mkono kuusukuma ndani. Jirani akazima mashine haraka. Sikuwa nimeandika kwamba husukumwa kwa kipande cha mti. Nikaongeza, tukarudia, nikarekebisha tena, tukarudia.

Mwisho wa mwezi wakaguzi walikuja. Kina mama wakakwangua gunia zima bila kukwama, na mashine ikaambiwa ibaki. Hapo nikasimama, nikakohoa kidogo, nianze kuwaeleza wageni nilivyoandika. Jirani akanivuta shati.

"Kaa chini wewe. Karatasi yako inaeleweka kuliko wewe."