Mguu wa Bi Mwanahawa

Siku yangu ya kwanza kwenye chumba cha MRI, ile mashine ya sumaku inayopiga picha za ndani ya mwili, Mkuu wa Idara alinivua saa, mkanda na funguo kabla hata ya kuniuliza jina. "Humu chuma hakiingii, kijana. Hata pini ya ushungi wa mgonjwa ni juu yako." Nikaitikia, nikidhani hapo nimeshaijua kazi.

Baada ya vituo viwili nikahamishiwa Temeke, ambako tulianza kupima mishipa ya limfu, ile myembamba inayorudisha maji ya mwili kwenye damu. Ikiziba, mguu unavimba, ndiyo matende tunayoyajua watu wa Pwani. Daktari wa upasuaji huunganisha mshipa wa limfu na wa damu ili maji yapate pa kupita, lakini lazima kwanza aonyeshwe ulipo. Kwa hiyo mgonjwa huchomwa dawa ya kung'arisha picha katikati ya vidole vya mguu, kisha mguu hukandwa ili dawa ipande, ndipo anapoingizwa kwenye mashine.

Bi Mwanahawa alitoka Tabata, baibui limemfunika mpaka chini. Mtu mzima, rika la mama yangu. Daktari alimchoma dawa akatoka, kukanda akaniachia mimi. Muuguzi wa kike hakuwepo siku hiyo, nami nikaona haya kumshika mguu mama wa watu. Nikajiambia dawa itapanda yenyewe. Mimi na heshima zangu! Picha zikatoka nyeusi tupu, na kwenye fomu nikaandika: mishipa haionekani. Maana yake, hakuna upasuaji.

Mkuu wa Idara wa pale Temeke, mama mkali asiyepaza sauti, aliisoma fomu mara mbili.

"Haipo, au hukuitafuta? Ulimkanda?"

Nikakiri kuwa sikumkanda.

"Haya, nenda kamwambie mwenyewe."

Nilimkuta Bi Mwanahawa bado yuko kwenye benchi, anajifunga ushungi aondoke. Nikamweleza kosa langu bila kupindisha. Akapandisha baibui mpaka gotini.

"Mwanangu, mguu huu hata niliowazaa hawaushiki. Mie nishazoea. Shika."

Nilikanda kuanzia vidoleni kwenda juu, machozi yananilengalenga. Tulipomrudisha kwenye mashine, mishipa miwili ikajitokeza, myembamba kama uzi wa kushonea. Alifanyiwa upasuaji. Mguu haukurudi kuwa wa usichana wake, lakini alikuja kutusalimia amevaa viatu, vyote viwili.

Sasa nimestaafu, nakaa Kimara, na vijana wa fani huniuliza najivunia nini. Mimi humuwaza mama mwingine, wa Mbagala, aliyekuja kupimwa wiki mbili kabla ya Bi Mwanahawa. Naye nilimwonea haya, sikumkanda. Naye nilimwandikia maneno yaleyale, akarudi nyumbani na mguu wake. Namba ya simu aliyoiacha nimeipiga tangu siku nilipomkanda Bi Mwanahawa. Kwa muda mrefu haikupatikana. Siku hizi anaipokea binti mmoja aliyeuziwa laini hiyo, ambaye sasa ananijua kwa sauti.

"Shikamoo, mzee," huniambia taratibu. "Si nilishakwambia? Huyo mama simjui."

Namwitikia marahaba, nakata simu. Mwezi ukipita, napiga tena.