Mgrevilea wa Ploti Yetu

Mimi nina usonji, na mtaa wetu wa Kayole haujui kunong'ona. Spika ya kanisa, honi za matatu stejini, jirani akikaanga samaki, mwanga mkali wa mabati: wenzangu huvichuja, mimi vyote huniingia kwa mpigo mmoja. Basi asubuhi, kabla sijaenda kazini, hushuka uani nikaegemeza paji la uso kwenye mgrevilea wa ploti yetu ya nyumba za kupanga, nikatulia.

Jamani, mti ule! Upepo ukiugonga kileleni, nausikia ukishuka ndani ya shina mpaka kwenye mfupa wa paji langu. Majani yake ni ya kijani juu, chini yana rangi ya fedha, na upepo ukiyapindua ua mzima hubadilika rangi. Gome lake nalijua kwa vidole kama mama anavyojua kuchambua maharagwe. Mti ukiyumba, nami nayumba. Hapo ndipo kelele zote hupata mahali pa kukaa.

Ploti nzima imenipa jina. Vijana hupita wakisema niaje, Mama Miti, nami sikasiriki, ni jina zuri. Lakini akina mama wa ushirika wa kanisa walidhani nauabudu mti. Wakaja na nyimbo, wakaumiminia mti upako, na upako wenyewe ulikuwa mafuta ya kupikia. Wiki ile nilinuka chapati hadi kazini.

Mama yangu aliona aibu. Siku moja yenye upepo nilimshika mkono nikauweka kwenye shina. Akasema hasikii kitu, na ana nguo za kuanika.

Kisha mwenye ploti akatangaza kwamba mti utakatwa, eti mizizi inaziba bomba la maji taka. Bila mti ule nisingeweza kuishi pale, na nilitaka kumwambia hivyo. Ila mimi nikiogopa, maneno hunikwama. Alipofika na fundi wa msumeno wa injini, nilisimama tu nikitikisa mikono.

Mama ndiye aliyeshuka ngazi, leso kiunoni, povu la sabuni mikononi. Akaukumbatia mti kama ninavyofanya mimi, paji la uso kwenye gome, watu wote wakitazama.

"Mama, hata wewe?" mwenye ploti akauliza.

"Hata mimi. Bomba linaweza kuhamishwa. Mtoto wangu nitamhamishia wapi?"

Fundi akamtazama mwenye ploti, mwenye ploti akatazama chini. Mwishowe akasema haya, bomba lipitishwe upande wa geti. Wakaondoka na msumeno wao. Bado sikuwa na sauti, ila moyoni nilikuwa napiga vigelegele. Nilimpenda mama yangu siku ile hadi kifua kikauma.

Nikadhani sasa atauachilia mti. Hakuuachilia. Alikuwa amefumba macho.

"Ngoja kwanza," akaniambia. "Kuna upepo unashuka."