Kuku wa Pakiti na Chumvi Tuliyodhani Tumeiacha

Wastaafu wenzangu, na ninyi mnaowalisha wazee majumbani, wengi mmeniuliza nilivyougua na nilivyopona. Nitaeleza, kwa sharti moja: nisikilizwe hadi mwisho. Nusu ya habari hii imekwisha kuzungushwa mitaani hapa Kilwa Masoko, nayo imemjeruhi mtu asiye na hatia.

Nilikuwa afisa utumishi hadi nilipostaafu kwa mujibu wa sheria. Nilikwenda sokoni na kurudi kwa miguu bila kutweta. Mke wangu Somoe, mzaliwa wa Miteja, alikuwa na presha kama mimi. Kliniki walituagiza tupunguze nyama nyekundu, tule kuku, na tuache chumvi. Somoe alikitoa kikopo cha chumvi jikoni, akampa jirani.

"Kiende zake," alisema, "nisije nikakionea huruma."

Binti yetu wa pekee, Mwanaidi, anafanya kazi Dar es Salaam. Aliposikia agizo hilo, alianza kututumia nyama ya kuku ya pakiti, ile inayosindikwa kiwandani na kukatwa vipande vyembamba kama karatasi. Ilisafiri kwa basi ndani ya kasha la barafu, nami niliifuata kituo cha basi cha Nangurukuru.

"Kuku gani huyu hana kidari wala kipapatio?" Somoe aliuliza siku ya kwanza. "Amechinjwa au amenyolewa?"

Lilikuwa swali la msingi. Nilivaa miwani, nikatafuta muhuri wa halali, nikauona. Nikatafuta tarehe ya mwisho wa matumizi, nikaiona. Vyote viwili vilichapwa kwa herufi kubwa. Nikamthibitishia mke wangu kwamba nyama ni halali na haijaharibika.

Nyama hiyo sitaisingizia. Ina protini ya kutosha, mafuta yake ni machache, na ni laini kwa mzee aliyebakiwa na magego ya kuhesabika. Haihitaji moto. Asubuhi tuliiweka ndani ya mkate. Mchana Somoe aliikatakata katika mayai au maharage, na mwezi wa Ramadhani haikukosekana kwenye futari.

"Unaona, Baba Mwanaidi?" alinitambia. "Tumezoea. Hata bila chumvi chakula kitamu!"

Kisha miguu yangu ikavimba. Viatu vilikataa. Ukinibonyeza kwa kidole, shimo lilibaki kwenye ngozi kama kwenye unga uliokandwa. Mkojo ukapungua, tumbo likajaa, na nikilala chali nilihisi ninazama. Nikawa nalala nimeketi, nimeegemea mito, Somoe akinipangusa jasho. Nikapelekwa hospitali Lindi.

"Mzee, moyo wako umechoka kusukuma damu, na mwili umejaa maji," daktari alisema. "Chumvi mnatumia?"

"Nyumbani kwangu hamna chumvi, daktari," Somoe alijibu kwa ukali wa mtu aliyesingiziwa. "Njoo upekue."

Nililazwa. Dawa ya kutoa maji ilinifanya mwenyeji wa chooni. Nilikula uji na chakula cha wodini kisichotiwa chumvi, na uvimbe ukashuka hadi nikaviona tena vifundo vya miguu yangu. Somoe, aliyekuwa akiniuguza, hakuwa na mahali pa kupikia. Yeye alikula mkate na ile nyama, kutoka kwenye kasha lililokuwa chini ya kitanda changu.

Asubuhi moja alikuwa akinimiminia uji. Kikombe kikamponyoka. Nilipomtazama, mdomo wake ulikuwa umekwenda upande.

"Baba Mwa..." alisema, na jina halikukamilika.

Kilikuwa kiharusi. Alifariki kesho yake kabla ya adhuhuri, katika wodi ya wanawake. Niliruhusiwa kwenda kumzika. Miguu ilikuwa imekwisha kupona uvimbe, lakini haikuwa na nguvu ya kushuka kaburini kumpokea. Wengine walimpokea. Mimi nilikuwa nimekalishwa kwenye kiti, nikitazama.

Niliporudi hospitali kumalizia matibabu, daktari alikuja kunipa pole. Akaliona kasha, akatoa pakiti, akaigeuza upande wa nyuma.

"Nani alikuwa anakula hii?"

"Sisi sote wawili."

Alikaa kitandani kwangu. "Mzee, nyama hii huhifadhiwa kwa chumvi. Ile mliyoitoa jikoni ilirudi kwa njia hii."

"Ndiyo iliyomuua mke wangu?"

"Presha yake ilikuwa ya miaka mingi. Siwezi kuapa hivyo. Ninachoweza kusema ni kwamba haikumsaidia."

Nanukuu maneno hayo kama yalivyotamkwa, kwa sababu habari ilipofika matangani yalitamkwa mengine. Shemeji yangu, dada wa marehemu, alisema mbele ya watu, "Kaburi la dada yangu limepanda basi kutoka Dar." Mwanaidi alikuwa anaosha vyombo. Alimaliza kuosha, akavifunika, akaondoka. Hajarudi tangu siku hiyo. Nikimpigia simu hunijibu neno lilelile: "Baba, mikono yangu naiogopa."

Basi kumbukumbu zikae sawa. Mtoto alitii agizo la kliniki kuliko sisi wenyewe. Muhuri wa halali ulisomeka hata bila taa. Habari ya chumvi iliandikwa nyuma kwa herufi za kusomwa na siafu. Walioturuhusu kuku hawakutuuliza ni kuku gani. Kwa hayo nina hasira, na sitaificha.

Nawashukuru wauguzi walionigeuza na kunisafisha bila kukunja uso. Leo natembea hadi sokoni, ingawa kwa kupumzika njiani. Nawasihi: geuzeni pakiti. Asiyeona, asomewe. Mwenye presha ale kuku aliyepikwa nyumbani, kwa ndimu, tangawizi na vitunguu saumu. Nyama ya pakiti aiulizie kwanza kwa daktari wake.

Na wewe, Mwanaidi, najua maelezo haya yatakufikia. Lile kasha nimeliosha na kulianika juani. Usilijaze. Njoo mikono mitupu, mwanangu. Mama yako hakuwahi kuiogopa, na mimi sina mingine ya kunishika nikienda kumzuru.